Tujenge Harvard Hapa Meru, Lakini Isiruke

Kuna watu duniani wananunua ndege ya vita ikiwa kwa masanduku, kama vile wewe unaagiza kabati la kuunganisha mwenyewe. Ukiwa na doo, kampuni ya Titan kule Ohio, Marekani, itakuuzia vipande vya T-51, mfano wa Mustang ya Vita vya Pili, ila imepunguzwa mpaka robo tatu ya saizi ya ile halisi. Unaunganisha kwa gereji yako miaka miwili mitatu, unapaka rangi, unaruka. Ikikamilika imekula zaidi ya shilingi milioni 10. Spitfire ya ukweli, ile ya 1940, ni mamia ya milioni. Hiyo wachia mabwenyenye.

Najua wengi wenu mmeona hizo video. Na kila mara mtu akiziposti, swali ni lile lile: sisi tutajenga yetu lini?

Mimi nasema tujenge. Lakini kuna ndege moja tu ya vita ambayo vijana wa Meru na Embu wana sababu ya kuijenga, na si Mustang wala Spitfire. Ni Harvard. Na nikisema tuijenge, simaanishi iruke.

Kama hujui Harvard ni gani, si kosa lako. Shuleni hatukufunzwa. Ni ndege ya propela moja, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, iliyotengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1930 kwa ajili ya kufundisha marubani. Zilitoka zaidi ya 15,000. Ni ndege ya kawaida sana, hata Hollywood wanaitumia kuigiza ndege zingine: kwa filamu ya Tora! Tora! Tora! ya 1970, zile "Zero" za Wajapani nyingi zilikuwa Harvard zilizobadilishwa sura.

Lakini hapa kwetu haikuigiza. Mwaka wa 1953, Hali ya Hatari ikiwa imetangazwa Oktoba 1952, jeshi la anga la Uingereza lilileta Harvard kutoka Rhodesia ya Kusini, ambako zilikuwa za mafunzo. Wakazifunga bunduki na mabomu madogo ya kilo 9 hivi chini ya mabawa. Kikosi kiliitwa 1340 Flight, na kambi yake ikawa Mweiga, karibu na Nyeri. Kazi yao ilikuwa kupiga misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, iliyokuwa imetangazwa kuwa eneo marufuku: ukionekana ndani, unapigwa bila maswali.

Baadaye mwaka huo huo wakaona Harvard ni ndogo. Wakaleta Lincoln, madude ya injini nne yanayotoka Eastleigh, yakiwa na mabomu ya kilo 225 na kilo 450. Yalipiga msitu mpaka 1955. Ndege zingine zilizunguka na vipaza sauti zikiambia watu watoke msituni, na zingine zikamwaga vikaratasi vya kuwataka wajisalimishe. Wanahistoria bado wanabishana kama mabomu yalisaidia Waingereza kivita. Kwenye msitu mzito wapiganaji walijifunza kujificha, huku ndovu na nyati wakipata shida ambayo hawakuwa na habari nayo.

Sasa angalia ramani. Huo Mlima Kenya upande wa mashariki ni nani anakaa? Ni sisi. Msitu wa Irangi juu ya Embu. Msitu wa Imenti juu ya Meru. Humo ndimo alimokuwa Musa Mwariama, ambaye hakutoka mpaka 1963. Baimungi pia alikuwa huko, na aliuawa 1965 na serikali ya Kenya huru yenyewe. Kubu Kubu wa Embu leo unamjua kama jina la shule. Na chini ya mlima, mashosho zetu walichimbishwa mtaro kando ya msitu kwa lazima ili chakula kisiwafikie walio ndani.

Hivyo mtu akiniambia ndege za vita za zamani ni hobi ya wazungu wazee, namwambia aulize kwao nyumbani.

Tatizo ni kwamba wa kuulizwa wanaisha. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka wa 1954 sasa anapita 80. Hao ndio wa mwisho waliosikia ile sauti wakiwa na akili ya kukumbuka. Wakienda, tutabaki na picha nyeusi na nyeupe zilizopigwa na upande uliokuwa ndani ya ndege. Umewahi kuona picha ya Harvard iliyopigwa kutoka chini, na mtu aliyekuwa anakimbia? Mimi sijaiona.

Ndiyo maana nataka mfano wa saizi kamili. Harvard ina mabawa ya karibu mita 13 na urefu wa karibu mita 9. Mabawa hayo yanapita Hiace mbili zilizopangwa mstari. Ining'inize juu ya vichwa vya watu, chini kidogo, mtoto wa kidato cha pili apite chini yake ainue macho. Hapo ataelewa kitu ambacho kitabu cha historia hakijawahi kumwambia: kwamba aliyekuwa juu alikuwa na chuma hiki, na aliyekuwa chini alikuwa na bunduki ya kujitengenezea kwa bomba na komeo la mlango.

Kuna wasee watasema, "Kwa nini tujengee mkoloni sanamu?" Swali fiti, na silidharau. Lakini sanamu ya shujaa ndiyo inamsifu aliyechongwa. Kifaa kinategemea kimewekwa vipi na nani ameandika maneno ya kando yake. Waingereza wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1980 walitoa Spitfire za kweli kwenye mageti ya kambi zao wakaweka za faiba, na bado kila anayepita anajua hadithi ambayo wao wanataka ajue. Faiba haikupunguza hadithi. Basi yetu tuisimulie sisi. Ukumbusho wa pale Freedom Corner, Uhuru Park, uliofunguliwa 2015, ulilipiwa na serikali ya Uingereza baada ya yale makubaliano ya 2013 na wazee 5,228. Ni jambo jema. Lakini kuna tofauti kati ya kumbukumbu uliyoletewa na ile uliyochomelea mwenyewe.

Wengine watasema barabara ni mbovu na bei ya miraa na muguka haieleweki, hivyo ndege ni anasa. Sawa. Lakini sijasema kaunti itenge mamilioni. Harvard halisi inayoruka ingekula makumi ya milioni, na siitaki hata kwa bure. Ya kuning'inia inahitaji mabomba ya chuma, mabati, plaiwudi, faiba na rangi. Hivyo vyote viko mjini. Na mafundi tunao. Nchi hii inajenga nganya kutoka kwa chesisi tupu mpaka watu wanasafiri kutoka kaunti nyingine kuja kupiga nayo selfi. Msee anayeweza kukunja bati likafuata mkunjo wa nganya hashindwi na mkia wa Harvard. Tuna Meru National Polytechnic, tuna chuo kikuu Nchiru, tuna Chuo Kikuu cha Embu. Mradi mmoja: wa kuchomelea wachomelee, wa historia wakusanye sauti za wazee, wa kompyuta wachore vipimo.

"Na kwa nini isiruke?" Hapa ndipo najua nitapoteza nusu ya mbogi. Nisikilize kwanza. Harvard tupu, bila mtu wala mafuta, ni karibu tani 2, na injini yake ilikuwa na nguvu ya farasi 600. Probox yako inayokimbiza miraa kutoka Maua ina kama 100. Huwezi kudanganya hesabu hiyo kwa maombi. Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta, amejenga ndege nyumbani kwake kwa miaka mingi, na namheshimu kwa moyo wangu wote, kwa sababu alithubutu mbele ya kamera na akaendelea hata zilipokataa kupaa. Lakini yeye alikuwa anatafuta kuruka. Sisi tunatafuta kukumbuka. Ya kuruka inakupeleka kwa KCAA, kwa ukaguzi, kwa vibali, na ukikosea mahali kidogo, kwa mazishi. Pia, kusema ukweli, sitaki kusikia injini ya Harvard tena juu ya Irangi ikishangiliwa. Kuna shosho ataisikia pia.

Iwekwe wapi? Pendekezo langu ni uwanja wa Meru Museum, lile jumba la mawe lililokuwa ofisi ya DC. Amri zilitoka kwa ofisi kama hizo, kwa hiyo ndege ikae nje yake. Embu wapate nakala ya sauti za wazee na maonyesho yao, au tugawane, miaka miwili huku, miaka miwili kule, kabla tuanze kugombana kama tunavyogombania mpaka wa uwanja wa ndege wa Isiolo.

Ila sauti zitangulie chuma. Bati litakuwepo mwakani. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa zaidi ya miaka 80, chukua simu wikendi hii, mwombe ruhusa, umuulize kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere: ndege zilipopita, mlikuwa wapi, na mlifanya nini? Rekodi yote, hata akinyamaza katikati. Weka nakala mbili. Hayo ndiyo maneno tutakayoandika kando ya ndege.