Makisio ya Mauzo ya Ferokromu na Hesabu Isiyotazama Umeme

Ferokromu ni aloi ya chuma na kromu. Sehemu yake kubwa hununuliwa na viwanda vya chuma kisichoshika kutu, ambacho lazima kiwe na kromu isiyopungua asilimia 10.5. Mwenyezi Mungu ameijalia Afrika Kusini akiba ya kromu kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote, katika miamba ya Bushveld, pande za Rustenburg na Steelpoort. Pamoja na neema hiyo kumezoeleka tabia inayoudhi: huchukuliwa takwimu za miaka michache ya biashara nzuri, mstari ukapigwa kwa rula kuelekea miaka kumi ijayo, na mstari huo ukaitwa makisio ya ukuaji wa mauzo ya nje. Wahenga walikataza kukata mbeleko na mtoto hajazaliwa. Makisio ya namna hii ni mbeleko iliyokatwa mapema, na juu yake hupangwa bajeti, mikopo ya benki na ajira za vijana.

Makisio ya haki huanza kwa mnunuzi. Mahitaji ya ferokromu hufuata utengenezaji wa chuma kisichoshika kutu, na biashara hiyo hupanda na kuporomoka ghafla. Mwaka 2008 bei ilipita dola 2 za Marekani kwa ratili ya kromu. Kabla ya katikati ya 2009 ilikuwa imeshuka chini ya senti 80. Chema hakidumu, na kila mtu mzima analijua hilo. Basi makisio yasiyoweka mwaka mbaya hata mmoja yana kasoro tangu ukurasa wa kwanza.

Baada ya mnunuzi huja umeme, na hapa ndipo uzembe ulipogharimu zaidi. Kuyeyusha tani moja ya ferokromu hula zaidi ya uniti 3,000 za umeme. Kwa miongo mingi umeme wa Eskom, shirika la umeme la serikali ya Afrika Kusini, ulikuwa miongoni mwa umeme wa bei nafuu kabisa duniani, na matanuri yalijengwa kwa kuutegemea. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalionekana mapema: waraka wa serikali wa sera ya nishati wa mwaka 1998 ulionya kwamba ziada ya umeme ingekwisha kufikia 2007. Ujenzi wa kituo cha kuzalisha umeme cha Medupi ulianza mwaka huohuo wa 2007, jua likiwa limekwisha kuchwa. Januari 2008 mgawo wa umeme uliikumba nchi na migodi mikubwa ikasimama. Mwaka 2010 na 2011 bei ya umeme ilipanda kwa takriban asilimia 25 kila mwaka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu safari hii alikuwa serikali yenyewe, kwa maandishi.

Wala nchi hiyo haijapungukiwa na wajuzi. Mafundi wake wa matanuri wanastahili heshima kubwa. Mintek, taasisi ya utafiti wa madini ya nchi hiyo, ilisaidia kuendeleza tanuri la mkondo mnyoofu, linaloyeyusha hata chenga laini za madini. Watu wenye uwezo huo hawashindwi kuweka bei ya umeme ndani ya jedwali la makisio.

Fedha nayo hudanganya. Katikati ya 2011 dola moja ilikuwa karibu na randi 7. Januari 2016 ilizidi randi 16. Tani zilezile, kwa bei ileile ya dola, zingeonyesha mapato ya randi yaliyozidi maradufu. Kuita hilo ukuaji ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Makisio yaandikwe kwa tani kwanza, kisha kwa dola, na randi ifuate mwishoni. Gharama ya reli na malori hadi bandari za Richards Bay na Maputo nayo ihesabiwe.

Liko jambo lingine lisiloweza kunyamaziwa. Vitabu vya mauzo mara nyingi hujumlisha aloi na madini ghafi chini ya jina moja la kromu. Migodi ya platinamu hutoa kromu kama zao la ziada kutoka tabaka la miamba ya Bushveld liitwalo UG2, kwa gharama ndogo, na mzigo huo hupakiwa melini kwenda China. China haina kromu ya kutosha ardhini mwake, lakini mwaka 2012 iliipita Afrika Kusini na kuwa mzalishaji wa kwanza wa ferokromu duniani. Meli za udongo zinaongezeka huku matanuri ya Afrika Kusini yanazimwa na mafundi wanarudishwa nyumbani, na bado jumla ya kitabuni inasomwa kama ushindi. Hiyo ni aibu. Wizara, benki na vyama vya wafanyakazi wakatae kupokea makisio yoyote ambayo hayakutenga tani za aloi na tani za madini ghafi.