Garissa Iwafunze Yenyewe Wanamaabara Wake

Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipoigeuza Garissa ziwa, mifugo ilianza kuharibu mimba na watu wakawa wanatokwa damu na kufa. Jina la ugonjwa halikujulikana mpaka sampuli ziliposafirishwa hadi Afrika Kusini na Marekani, ndipo ikathibitishwa kuwa ni homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo uliporejea Desemba 2006, safari hii majibu yalitoka Nairobi, kwenye maabara ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ingawa zaidi ya watu 150 walikufa nchini kabla mlipuko haujatulia mwaka uliofuata.

Si kila mji unahitaji maabara kubwa ya virusi. Lakini mtu wa kutoa damu vizuri, kuihifadhi kwenye baridi kabla jua halijaiharibu, kuangalia vijidudu vya malaria kwa hadubini na kutambua ugonjwa wa kala-azar, uliowahi kuwatesa watu wa Wajir na Mandera, lazima awe papo hapo. Na kesho awepo tena.

Hapo ndipo Kaskazini Mashariki inapokwama. Kwa miaka mingi wataalamu wametumwa kutoka sehemu nyingine za nchi, na usalama ukitetereka wanaondoka. Baada ya shambulio la basi Mandera, Novemba 2014, na mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watumishi wengi wasio wenyeji waliomba uhamisho. Mwaka 2020 walimu nao walihamishwa baada ya wenzao kuuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa. Hawana lawama, kwani mzazi yeyote angemwita mwanawe arudi nyumbani. Lawama ni ya mpango wa ajira uliojengwa juu ya watu wasioweza kukaa.

Mashine peke yake hazitoshi. Mwaka 2015 Serikali ya Kitaifa ilianza kukodisha vifaa vya kisasa, vikiwemo vya eksrei na vya kusafisha figo, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Kamati maalum ya Seneti iliyochunguza mradi huo ilieleza mwaka 2020 kuwa katika baadhi ya kaunti vifaa vilikaa bila kutumika, na ukosefu wa wataalamu ulikuwa miongoni mwa sababu.

Dawa yake ni uanagenzi. Kijana wa Balambala, Hulugho au Habaswein aliyemaliza kidato cha nne aajiriwe na kaunti yake, alipwe posho, afanye kazi maabara au chumba cha eksrei chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, na kwa zamu aende darasani kwenye chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kilichoko Garissa. Uingereza inawafunza hivyo wasaidizi na wataalamu wa maabara za hospitali zake za umma, wakilipwa mshahara huku wakisoma. Kenya nayo si mgeni wa jambo hili: tangu 2005, shirika la Amref na Baraza la Wauguzi waliwapandisha maelfu ya wauguzi kutoka cheti hadi diploma bila kuwatoa wodini. Hapo Dadaab, wakimbizi wamekuwa wakihudumu katika vituo vya afya vya kambi kwa posho, wakijifunza kazi mikononi mwa wataalamu.

Faida iliyo kubwa zaidi huenda ikawa kwa wasichana. Mama mjamzito wa Wajir anayekwenda kupigwa picha ya tumbo angependa ahudumiwe na mwanamke mwenzake, tena anayezungumza Kisomali. Lakini baba wengi husita kumpeleka binti yao Nairobi miaka mitatu, kwenye mji wasio na jamaa. Binti huyo akisomea karibu, akirudi kwao jioni na posho mkononi, mazungumzo ya nyumbani yatabadilika.

Wapo watakaohofia ubora, na hofu hiyo ni halali: jibu lisilo sahihi la maabara linaua. Ndiyo maana mwanagenzi wa maabara afanye mtihani uleule na asajiliwe na bodi ileile ya wanamaabara iliyoundwa kwa sheria ya 1999. Asipofaulu, asiguse sampuli peke yake. Njia iwe tofauti, kipimo kiwe kimoja.

Sheria ya mafunzo ya viwandani tayari inatambua mikataba ya uanagenzi, na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo hayo, hukusanya tozo kutoka kwa waajiri kwa ajili ya mafunzo. Kilichobaki ni magavana wa Garissa, Wajir na Mandera kukaa na KMTC na bodi, kuandika mkataba mmoja, na kuutengea fedha katika bajeti ijayo. Wawakilishi wa wadi waulizwe kuhusu mkataba huo sasa, kabla bajeti haijapitishwa.