Sungura wa madoa: usipandishe wawili wanaofanana

Sungura ni mnyama rahisi kumfugia mtoto. Hapigi kelele, chakula chake kikuu ni nyasi, na jike hubeba mimba siku 31 hivi. Ndiyo maana siku moja mwanao atakuja na ombi: "Mama, tumtafutie mwenzake, na yeye awe na madoadoa." Kabla hujakubali, soma hapa.

Tunazungumzia sungura mweupe mwenye masikio ya rangi, duara kuzunguka macho, doa puani na mstari mgongoni. Madoa hayo hutokana na jeni moja. Mwenye madoa mengi na mazuri huwa na nakala moja tu ya jeni hiyo, kutoka kwa mama au kwa baba. Ukipandisha wawili wa namna hiyo, kwa wastani katika kila watoto wanne mmoja hatakuwa na madoa, wawili watakuwa nayo, na mmoja atarithi nakala mbili.

Huyo wa nakala mbili huzaliwa karibu mweupe wote, na kidoa kidogo tu puani. Wafugaji wa Uingereza na Marekani humwita Charlie, kwa kuwa kidoa hicho hukumbusha masharubu ya Charlie Chaplin. Anapendeza, lakini jeni hiyohiyo huvuruga seli zinazoongoza mwendo wa utumbo mpana. Utumbo unaweza kulegea na kupanuka, kinyesi kikatoka kikubwa, laini, kisicho na umbo. Tumbo hujaa, mnyama hukonda na kuacha kula. Hali hii hutulizwa, haiponi.

Kinga ni rahisi: mwenye madoa mpandishe na wa rangi moja, mweusi au kahawia. Takriban nusu ya watoto watakuwa na madoa, na hakuna atakayepata nakala mbili. Mweupe mwenye macho mekundu msimtumie, kwani weupe wake unaweza kuficha jeni ya madoa.

Kama tayari mnaye Charlie, mpeni nyasi kavu na maji muda wote, kagueni kinyesi kila siku, na msimzalishe. Akikaa nusu siku bila kula, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kumweleza mtoto, chukua vifuniko vya soda: cheusi na cheupe kwa baba, cheusi na cheupe kwa mama. Afumbe macho, achukue kimoja kila upande, arudie mara ishirini. Kila vyeusi viwili vikitoka pamoja, mwambie: huyo ndiye angeugua.