Mafunzo ya Mtandaoni Yasikose Mwalimu

Siku hizi kila upande twasikia tangazo: jifunze ufundi wa umeme kwa simu, jifunze kutengeneza kompyuta ukiwa nyumbani, jifunze kuandika programu bila kuacha kazi yako. Jambo hili si baya, na sisi twasema tangu mwanzo kwamba twalikubali. Kijana wa Kibondo au wa Nachingwea ambaye hana nauli ya kwenda mjini, wala kodi ya chumba akifika huko, asinyimwe ufundi kwa sababu ya umbali. Lakini kulikubali jambo ni mbali, na kukubali liendeshwe ovyo ni mbali.

Ubaya uko wapi? Kozi nyingi za namna hii ni video na maandishi yaliyopangwa kwa safu, na mwishoni mtihani wa kuchagua jibu. Mwanafunzi akikwama katika somo la tatu hana wa kumwuliza. Huandika swali lake, akangoja siku moja, siku mbili, juma zima. Bando limekwisha, moyo umevunjika, anaacha. Halafu wako watu wanaosema kwamba vijana wetu ni wavivu. Sisi twalikataa neno hilo. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Basi ujinga ni wa nani, wa yule anayeuliza au wa yule aliyeuza somo bila kuweka wa kujibu?

Wala jambo hili halikuanza kwetu. Kwa miaka mingi Marekani imejisifu kwa intaneti yake, lakini hata huko somo la peke yake limeangusha wengi. Mwaka 2012 chuo cha MIT kilitoa kozi ya sakiti na elektroniki kwa njia ya mtandao, bila malipo. Watu wapatao 155,000 walijiandikisha. Waliofaulu na kupata cheti walikuwa 7,000 na kitu, yaani chini ya watano katika kila mia. Kweli, wengine walijiandikisha kwa kutaka kuonja tu. Lakini hata tukiwatoa hao, somo ni lile lile: mlango kuwa wazi hakutoshi kumfikisha mtu ndani.

Na sisi wenyewe tulikwisha kulijua jambo hili zamani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu wapatao milioni mbili walijifunza namna ya kujikinga na malaria, kichocho na magonjwa mengine. Je, walikaa kila mtu peke yake na redio yake? Hapana. Walikutana kwa vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kitabu na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Redio ikisema, kikundi kilijadili, halafu watu walishika majembe wakachimba vyoo. Redio ilileta sauti kutoka mbali, lakini aliyejibu maswali alikuwa mtu aliyekaa nao jamvi moja.

Sasa wako wanaosema kwamba dawa imepatikana, nayo ni akili mnemba. Watasema: mwekeeni mwanafunzi mashine ya kujibu maswali usiku na mchana, mwalimu hatakiwi tena. Katika maneno hayo mna ukweli na mna hatari, na yafaa tuvitenganishe.

Ukweli ni huu. Katika chuo cha Georgia Tech, Marekani, mwalimu Ashok Goel alikuwa na wanafunzi wapatao 300 katika kozi ya mtandaoni, na kwa muhula mmoja waliandika ujumbe wapata 10,000. Wasaidizi wake walishindwa kujibu yote. Mwaka 2016 aliweka msaidizi wa mashine aitwaye Jill Watson. Mashine ilijibu yale maswali yanayorudi kila siku: kazi hii mwisho wake lini, faili hili liwekwe wapi. Tena iliwekewa sharti: isijibu ila ikiwa na hakika ya asilimia 97. Mengine yaliachiwa wasaidizi wanane waliokuwa watu. Tazama vizuri, ndugu msomaji: mashine haikuwafukuza watu, iliwapunguzia mzigo ili wapate nafasi ya maswali magumu.

Na hatari ni hii. Mwaka 2023 watafiti waliwapima wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 huko Uturuki katika hesabu. Waliopewa mashine ya kujibu kila kitu walifanya mazoezi vizuri kupita wenzao. Lakini siku ya mtihani, mashine ilipoondolewa, alama zao zilikuwa chini kwa asilimia 17 kuliko za wale ambao hawakuipata kabisa. Mkongojo uliwalemaza. Kundi jingine lilipewa mashine iliyofundishwa kudokeza tu, kwa madokezo yaliyotungwa na walimu, na hasara ile karibu yote ikaondoka. Basi twaona kwamba mashine ile ile yaweza kulea au kulemaza, kwa kadiri ilivyoelekezwa.

Katika ufundi hatari yazidi. Hesabu ikikosewa hufutwa kwa kalamu. Umeme wa volti 230 haufutwi. Mwanafunzi akiuliza habari ya waya wa kwenda ardhini, na mashine ikamjibu kwa maneno matamu yasiyo ya kweli, kama zinavyofanya mara nyingine, anayeumia ni mama wa nyumba atakayeshika pasi siku hiyo jioni. Mashine haioni ubao wa swichi ukutani isipoonyeshwa, wala haisikii harufu ya waya unaoungua. Fundi mwenye miaka 20 kazini huvisikia vyote hivyo, naye husema: mwanangu, toa mkono, zima kwanza.

Kwa hiyo twadai mambo manne kwa kila chuo na kila kampuni inayouza mafunzo ya ufundi kwa wananchi.

Kwanza, msaidizi wa mashine awepo, lakini afundishwe kwa vitabu na michoro ya kozi yenyewe, adokeze badala ya kutoa jibu zima, na asipojua aseme sijui na kulipeleka swali kwa mtu.

Pili, huyo mtu awepo kweli. Zitangazwe saa za kila juma ambapo mwalimu yu hai mtandaoni kwa sauti, na swali lililoachwa na mashine lipate jibu la binadamu katika siku moja. Kozi isiyo na saa hizo isiitwe mafunzo. Iitwe kitabu, na iuzwe kwa bei ya kitabu.

Tatu, Kiswahili. Fundi wetu hukata waya kwa Kiswahili na hupatana bei kwa Kiswahili. Kwa nini akikwama alazimishwe kuuliza kwa Kiingereza? Msaidizi wa mashine apimwe kwa Kiswahili cha karakana kabla ya kuwekwa mbele ya wanafunzi, na wanaompima wawe mafundi.

Nne, mikono ipate kazi. Mwaka 2016 VETA na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha mpango wa VSOMO: nadharia kwenye simu, vitendo katika chuo cha VETA. Hiyo ndiyo njia. Na kati ya simu na chuo, wanafunzi wa kata moja wakutane kama vikundi vya 1973, wakisaidiwa na fundi mmoja wa hapo hapo.

Tutaambiwa: walimu hao watalipwa na nani? Twajibu. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walitoa matokeo ya mashine isiyozungumza na mwanafunzi, bali inayomnong'oneza mwalimu wakati anafundisha. Walimu 900 na wanafunzi 1,800 walihusika. Waliofaidi zaidi walikuwa wanafunzi wa walimu dhaifu, na gharama ilikuwa kama dola 20 kwa mwalimu kwa mwaka. Maana yake, hata fundi kijana wa wilayani aweza kuinuliwa awe mwalimu mzuri. Fedha inayookolewa mashine inapojibu maswali mepesi ilipe saa za mwalimu. Isiingie mfukoni mwa mwenye kampuni.

Na wewe ndugu, kabla hujatoa shilingi yako au ya mwanao, uliza maswali matatu: nikikwama nani atanijibu? Kwa lugha gani? Nitashika vyombo wapi? Wakikosa majibu, shika fedha yako. Tukikataa wote kununua somo lisilo na mwalimu, wauzaji watamweka mwalimu.