Nani Ameshika Ufunguo? Madalali, Wapangaji na Heshima ya Mlango Mtwara

Katika mji wa Mtwara, mtu anayetafuta nyumba ya kupanga hukutana na dalali kabla ya kukutana na mwenye nyumba, na mara nyingi hutoa fedha kabla ya kuiona nyumba yenyewe. Hulipa ada ya kuoneshwa, kisha hupandishwa bodaboda, hupitishwa Chuno, Ligula au Magomeni, na hufunguliwa milango ya nyumba ambazo baadhi yake zina watu ndani. Tumeuzoea utaratibu huu kiasi kwamba hatuulizi swali lililo wazi kuliko yote: yule aliyeshika ufunguo amesimama pale kwa niaba ya nani?

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo dogo, lisilostahili kuwekwa kando ya masuala ya gesi, korosho na bandari. Nadhani sivyo. Wanaotafuta nyumba katika mji huu ni muuguzi aliyepangiwa kazi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, mwanafunzi wa Stella Maris, mwalimu aliyehamishwa, fundi aliyepata mkataba katika kiwanda cha saruji cha Dangote. Tuseme mmoja wao ameipata nyumba ya shilingi 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Ataweka mezani 600,000 ya kodi na 100,000 ya dalali, maana desturi ni kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Kama ameoneshwa nyumba nne kwa shilingi 10,000 kila moja, ataongeza 40,000. Jumla ni 740,000 kabla hajanunua hata ndoo ya maji. Katika fedha hizo, 140,000 zimekwenda kwa mtu ambaye hana wajibu wowote ulioandikwa, wala kwa mpangaji wala kwa mwenye nyumba.

Neno *dalali* limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni moja na ya neno *dalili*. Dalali ni mwenye kuonesha njia. Kazi hiyo ni ya halali na ya zamani katika pwani yetu. Lakini udalali wa nyumba kama tunavyoujua leo una historia yake ya karibu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha, na mashirika ya umma yakawa wapangishaji wakubwa wa mijini. Aliyetaka nyumba ya shirika aliandika barua na kusubiri zamu yake. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi, na mwaka 2005 Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 ikafutwa. Soko likafunguliwa. Ofisi iliyokuwa ikipokea barua za maombi ilipoacha kuwa njia kuu, kijana mwenye simu na bodaboda alishika nafasi yake, bila ya sheria wala daftari.

Mtwara tulilionja soko hilo kwa namna ya pekee. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, lakini ni miaka ya utafiti wa gesi ya kina kirefu cha bahari iliyoujaza mji wageni na matumaini. Kodi zilipanda, wenye nyumba wakajibana vyumba vya uani ili nyumba kubwa zipangishwe, na wengine wakakopa ili wajenge. Kisha zikaja ghasia za Januari na Mei 2013, bomba la gesi likafika Dar es Salaam, na wageni wengi wakaondoka. Nyumba zilibaki, na desturi za soko zilibaki pamoja nazo: kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, ada ya kuoneshwa, na kile tunachokiita *cha juu*, yaani nyongeza anayoipachika dalali juu ya bei ya mwenye nyumba bila mwenye nyumba kujua.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima kuhusu uwakala. Wakala anatakiwa kufanya kazi yake kwa uangalifu, kutoa hesabu kwa aliyemtuma, na kutojitengenezea faida ya siri katika shughuli aliyokabidhiwa. Lakini wakala ni lazima awe ametumwa na mtu. Dalali wetu hupewa ufunguo na mwenye nyumba asiyemlipa, na hulipwa na mpangaji asiyemtuma. Mara nyingine ufunguo hauko kwake, uko kwa dalali mwenzake, naye amempigia wa tatu. Wanafika mlangoni watatu, na ada inagawanywa njiani. Ukimuuliza kama paa linavuja, hana wajibu wa kujua. Ukimuuliza kama mpangaji aliyetoka amelipa deni la umeme, atakwambia hayo ni ya mwenye nyumba. Ukirudi baada ya mwezi na malalamiko, simu yake haipatikani. Huu ni uwakala usio na bwana, na mzigo wake humwangukia asiye na uwezo wa kuubeba.

Wa kwanza kuumia ni mpangaji ambaye bado yumo ndani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya makazi yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inamtaka mpangishaji amwache mpangaji anayelipa kodi akae kwa utulivu bila kubughudhiwa. Hata hivyo, mama aliyebakiza wiki tatu za kodi hushtukia dalali sebuleni na wageni wanne, wakitazama kitanda, jiko na nguo za watoto. Kisheria, nyumba ni yake mpaka siku ya mwisho aliyoilipia. Kiutamaduni, jambo hilo ni zito zaidi. Sisi watu wa pwani, kutoka Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, tunalo kufuli lisilohitaji chuma, nalo ni neno *hodi*. Ukipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, unaondoka. Dalali mwenye ufunguo mfukoni amelifuta neno hilo, nasi tumemwachia.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelijibu swali la ufunguo kwa kutumia chombo. Huko Marekani ni jambo la kawaida kukuta kisanduku kidogo cha chuma kimening'inizwa kwenye kitasa cha nyumba inayouzwa. Ufunguo umo ndani yake, na wakala anayemleta mnunuzi hukifungua kwa namba ya siri au kwa simu. Visanduku vya kielektroniki hutunza kumbukumbu ya nani alifungua, siku gani na saa ngapi. Ndiyo maana huko kuna mjadala kama ni lazima wakala wa muuzaji awepo nyumba inapooneshwa, au kama kisanduku kinatosha. Wapo wasemao kuwepo kwake humlinda mwenye mali na humpa mgeni majibu. Wapo wasemao humbana mnunuzi asiseme analoliona, tena hupunguza idadi ya wanaoweza kuja kutazama.

Lakini kisanduku hicho kinafanya kazi kwa sababu kimezungukwa na mambo mengine. Wakala ana leseni inayoweza kunyang'anywa, na ana mkataba na mtu anayejulikana. Mwezi Machi 2024 chama kikuu cha mawakala wa nyumba cha Marekani kilikubali kulipa dola milioni 418 ili kumaliza kesi zilizohusu malipo ya mawakala. Na tangu tarehe 17 Agosti 2024, wakala anayefanya kazi na mnunuzi anapaswa kuwa na makubaliano ya maandishi naye kabla ya kumpeleka kuona nyumba. Mwezi Novemba mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Italia iliagiza wenye nyumba za wageni wa muda mfupi wawatambue wageni wao ana kwa ana badala ya kuwaachia ufunguo kisandukuni, agizo lililozua mabishano mahakamani. Huko kwenye visanduku vingi, swali la mtu aliye nyuma ya ufunguo halijafa.

Kwa hiyo simshauri mwenye nyumba wa Shangani akanunue kisanduku. Ninachokitamani katika chombo kile ni kumbukumbu yake: kwamba kila aliyeingia anajulikana. Kumbukumbu hiyo haihitaji betri. Daftari la shilingi elfu moja linaweza kuitunza, mradi yupo mtu wa kulijaza na mtu wa kulikagua.

Umuhimu wa mtu huyo unaonekana zaidi pale ambapo hakuna mlango kabisa. Nenda Msimbati au Msanga Mkuu, ambako ardhi ya ufukweni huoneshwa kwa wageni kwa kunyoosha kidole: kuanzia mnazi huu hadi mkorosho ule. Hakuna ufunguo wa kuomba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na sehemu kubwa ya pwani hiyo iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mgeni anayeoneshwa kiwanja na dalali peke yake anaweza kulipia uzuri wa mchanga ambao hakuna aliye na mamlaka ya kumuuzia. Familia inayokilima kiwanja hicho inaweza kuzisikia habari za mauzo baada ya nguzo kuchimbiwa. Anayepaswa kuwepo wakati wa kuonesha ni mwenye haki juu ya ardhi na kiongozi anayewajibika kwa wanakijiji, kabla ya bei kutajwa.

Najua madalali watanijibu, na majibu yao yana uzito. Watasema petroli haigawiwi bure, na kwamba wapo watu wanaozunguka nyumba kumi bila nia ya kupanga. Watasema pia kwamba mwenye nyumba akishampata mpangaji humruka dalali na kumwacha mikono mitupu. Yote ni kweli. Lakini dawa ya hasara hizo si kumtoza anayetafuta pa kulala. Anayenufaika na mzunguko huo ni mwenye nyumba, ambaye nyumba yake ingekaa tupu. Yeye ndiye anayepaswa kumtuma dalali kwa maandishi na kumlipa. Dalali aliyetumwa atakuwa na haki ya kudai malipo yake hata akirukwa. Aliye huru kwa kila mtu hana wa kumdai.

Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Sisi tumezungumzia muswada wa kusimamia sekta ya milki kwa miaka mingi. Mambo kadhaa, hata hivyo, yako ndani ya uwezo wetu hapa hapa. Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Naipendekezea mambo manne.

Kwanza, mwenye nyumba amtaje kwa maandishi mtu mmoja anayeshika ufunguo wake, na nakala ibaki katika ofisi ya serikali ya mtaa, palepale ambapo mpangaji huchukua barua ya utambulisho. Pili, mshika ufunguo awe na daftari la majina ya walioingia na tarehe, na mwenyekiti wa mtaa aweze kulikagua. Tatu, nyumba yenye mtu isioneshwe bila mpangaji kupewa taarifa angalau siku moja kabla, na bila yeye au mtu wake kuwepo. Nne, ada ya kuoneshwa ipigwe marufuku, na ujira wa dalali ulipwe na aliyemtuma. Na kila mwenye nyumba muungwana abadilishe kitasa mpangaji anapotoka, kwa maana hakuna ajuaye funguo ngapi zimechongwa katika mikono mingi iliyopita.

Wapo watakaosema mwenye nyumba atauhamishia mpangaji ujira huo kwa kupandisha kodi. Huenda wengine wakafanya hivyo. Lakini kodi iliyopandishwa inaonekana kwenye mkataba, inalinganishwa na ya jirani, na inaweza kujadiliwa. Fedha ya kuoneshwa haina risiti wala mjadala, na anayeilipa mara nyingi zaidi ni yule anayekataliwa mara nyingi zaidi: mama asiye na mume, kijana asiye na ajira, mgeni asiye na ndugu mjini. Kwa mfumo tulionao, kadiri mtu anavyokuwa mnyonge ndivyo anavyolipia zaidi nyumba asizozipata.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji unaotaka wauguzi, walimu na wawekezaji hauwezi kuwapokea kwa mkono unaodai fedha kabla ya kufungua mlango, wala kuwaaga wakaaji wake kwa kuingiza watu vyumbani mwao bila hodi. Madiwani wetu wanakutana kila robo mwaka. Suala hili linaweza kuingia kwenye ajenda ya kikao kijacho, na kila mpangaji anayeyasoma haya anayo haki ya kumuuliza diwani wake kama limeingia.