Dawa ya lehemu: Mweleze daktari kila unachomeza

Mwezi uliopita mama yangu alishindwa kuinuka kwenye kiti. Mapaja yote mawili yalimuuma kana kwamba ameshinda shambani. "Ni uzee tu, mwanangu," aliniambia.

Haukuwa uzee. Mama anatumia simvastatini, dawa ya kushusha lehemu mbaya kwenye damu. Wiki hiyo alibanwa na kikohozi, akanunua klarithromaisini kwenye duka la dawa bila cheti cha daktari. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine. Hizo mbili hazitumiwi pamoja: klarithromaisini huuzuia mwili kuivunja simvastatini, ambayo hujaa kwenye damu na kuumiza misuli.

Wazazi, simvastatini na ndugu zake, ziitwazo statini, ni dawa nzuri. Zinapunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na wengi wanazitumia bila shida. Ila zina masharti yake.

Misuli: Ukipata maumivu au ulegevu usioujua chanzo chake, wasiliana na daktari. Mkojo ukiwa wa kahawia iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini misuli ikiharibika sana, masalia yake huumiza figo.

Ini: Mwenye ugonjwa mkali wa ini hapewi dawa hizi. Macho yakiwa ya manjano, usisubiri.

Mimba na kunyonyesha: Ukigundua una mimba, mwone daktari mapema, wengi huambiwa waache. Anayenyonyesha pia hashauriwi kuzitumia. Kwa hiyo usimeze vidonge vya mama kwa sababu tu na wewe umeambiwa una lehemu.

Dawa nyingine: Baadhi ya dawa za fangasi, kama itrakonazoli, na dawa za VVU zenye ritonaviri hazipatani na simvastatini. Juisi ya balungi nayo huiongeza nguvu kwenye damu.

Kitu kimoja zaidi: usiache dawa kwa uamuzi wako. Mama alisimamishiwa na daktari, akapimwa damu, na maumivu yalipoisha akaanzishiwa aina nyingine.

Siku hizi orodha ya dawa zake iko kwenye pochi, pamoja na kadi ya bima. Leo jioni mpigie mzazi wako, umuulize anameza nini. Kisha mwandikie karatasi kama hiyo.