Maganda ya kahawa yasafishe maji, lakini sisi tusitupe dawa chooni



Leo angalia mahali unapoweka dawa nyumbani kwako, iwe ni mfuko uliotundikwa ukutani au kopo chini ya kitanda. Pengine utakuta vidonge vya Septrin vilivyobaki mtoto alipopata nafuu, dawa ya maji iliyopita muda wake, na vidonge vingine ambavyo hukumbuki ni vya nini. Je, utavipeleka wapi? Wengi wetu hujibu: chooni. Mimi nasema hapana, na naomba nikueleze sababu.

Hapa Kampala, mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya jiji ukibeba maji ya mvua pamoja na maji machafu. Huingia katika kinamasi cha Nakivubo, kisha katika Ziwa Victoria kwenye ghuba ya Murchison. Kwenye ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, Shirika la Taifa la Maji huvuta maji ya kunywa ya wakazi wengi wa jiji. Mwaka 2020 watafiti wa Uganda na wenzao wa Ulaya walichapisha tafiti walizofanya katika maji hayo. Walikuta mabaki ya dawa nyingi: dawa za kifafa, za maumivu, na za kuua vijidudu. Miongoni mwa zilizoonekana ni sulfamethoxazole na trimethoprim. Hayo ni majina mageni, lakini dawa zenyewe unazijua. Ukiziunganisha hizo mbili unapata Septrin.

Usiseme hayo ni mambo ya watu wa mjini. Walioko Nakivale hunywa maji yanayotoka katika Ziwa Nakivale na kutiwa dawa. Mahali pengine tunategemea visima, na vyoo vya shimo haviko mbali. Kinachozama ardhini au kuingia mtoni kinaweza kurudi kwetu ndani ya jerikani.

Je, maji haya yatatuua?

Hapana, tusitishane. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kiasi kidogo sana cha dawa kinachoonekana katika maji ya kunywa hakielekei kumdhuru mtu. Kinachotuua haraka ni vijidudu. Tunakumbuka mwaka 2018, kipindupindu kilipoingia Kyangwali na wilaya ya Hoima na kuua watu zaidi ya 40. Kwa hiyo endelea kuchemsha maji au kutia klorini, na endelea kunawa mikono kwa sabuni. Hilo ni la kwanza.

Lakini la pili lipo. Vijidudu vinavyoishi katika maji yenye dawa kidogo kidogo kila siku vinaweza kuizoea. Baadaye dawa hiyo hiyo anapopewa mgonjwa, haimsaidii. Sisi tunaotegemea dawa chache zilizopo katika kituo cha afya ndio tutakaoumia kwanza, maana hatuna fedha za kutafuta dawa nyingine ghali. Tena kuchemsha maji hakuondoi dawa nyingi, na klorini tunaitia kwa ajili ya vijidudu, si kwa kazi hiyo.

Makaa yanayonasa dawa

Ipo njia inayojulikana: makaa amilifu. Hutengenezwa kwa vitu tunavyovitupa, kama maganda ya kahawa, makapi ya mpunga, magunzi ya mahindi na maganda ya karanga. Huchomwa mahali penye hewa kidogo, kisha huamshwa kwa mvuke mkali wa nyuzi 800 hivi au zaidi, au kwa kemikali. Hapo hufunguka vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Gramu 10 tu za makaa mazuri ya namna hii, kama zingetandazwa pande zake zote za ndani, zingeweza kufunika uwanja wa mpira. Maji yanapopita, dawa nyingi hunata humo.

Uganda ni nchi ya kahawa, na maganda hayakosekani. Katika makambi yetu tayari kuna vikundi vinavyotengeneza makaa ya kupikia kwa takataka na maganda ya ndizi. Watu wa kazi wapo, na malighafi ipo.

Hata hivyo nakuonya: usichukue makaa ya jikoni ukayatia katika jerikani. Hayo hayakuamshwa, na hayaui vijidudu. Hata makaa amilifu yenyewe hunasa klorini. Ukiyatia katika maji ambayo yamekwisha kutiwa klorini, unaondoa kinga yako, na vijidudu vinaweza kuzaliana. Wala usijaribu kuyatengeneza kwa asidi nyumbani.

Yawekwe wapi?

Maoni yangu ni kwamba makaa haya yasianzie katika nyumba ya mkimbizi. Yaanzie mahali dawa zinapotoka kwa wingi, yaani kwenye maji machafu ya hospitali na vituo vya afya, pamoja na vituo vyetu sisi mashirika. Yafuate kwenye mitambo ya maji ya kambi, kabla klorini haijatiwa. Sisi tunaogawa dawa tuna wajibu wa kuangalia zinakoishia.

Wengine watasema fedha ni kidogo, tujenge vyoo kwanza. Ni kweli, na sipingi. Lakini kikundi kimoja na chujio moja la majaribio katika kituo kimoja havitazuia ujenzi wa choo. Jambo ninaloliogopa zaidi ni jingine. Makaa hujaa, na yakijaa hayanasi tena. Ni lazima yabadilishwe, na yale ya zamani yasimwagwe ovyo. Tumeona miradi mingi ikifa siku mfadhili anapoondoka. Kwa hiyo wakija kwenu na chujio, ulizeni katika mkutano: nani atapima maji? Nani atabadilisha makaa, na kwa fedha gani? Wasipojibu, msipige makofi.

Kazi yako ya leo

Wakati tunangoja, maji tunaweza kuyalinda bila chujio lolote. Usitupe dawa chooni, mtoni wala karibu na kisima. Zirudishe katika kituo cha afya, au umuulize mhudumu wa afya wa kijiji chako. Maliza dozi uliyoandikiwa, ili pasibaki kitu. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kubahatisha, na usimpe jirani dawa zilizobaki.

Na wewe unayetumia Septrin kila siku kwa maagizo ya daktari, au dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI, usiache hata siku moja kwa sababu ya haya niliyoandika. Sehemu ya dawa hutoka na mkojo wa kila mgonjwa, na hilo si kosa lako. Hilo ndilo tunalotaka makaa yashughulikie.

Vidonge vilivyobaki chini ya kitanda ni juu yetu sisi. Kesho ukienda kituoni, vibebe.